Rimu za Kopi Zinapokataa Kukaa: Kutafuta Kosa Kati ya Rimu na Habu

Ukikaa jioni karibu na stendi ya Tabora mjini utaziona IST na Mark X zikipita na rimu za spoti, nyeusi zenye ukingo unaong'aa, zimechongwa kwa kufuata sura ya rimu za Kijapani au za Kijerumani ambazo seti yake halisi inakaribia bei ya gari lenyewe. Sina ugomvi na kopi. Kopi nzuri ikifungwa sawasawa inatembea miaka. Ninachogombana nacho ni ile tabia ya kuona matundu yameingia kwenye bolti, nati zimekazwa kwa mashine ya upepo, kazi imeisha.

Rimu ya kiwandani ilichongwa kwa ajili ya habu yake, ile sehemu ya gari yenye bolti ambako gurudumu hufungwa. Kopi imechongwa ili ienee magari mengi, kwa hiyo pale inapozidi au kupungua kuna mtu anatakiwa apajaze kwa makusudi. Asipopajaza, gari litasema. Nimepanga kwa dalili. Nenda kwenye ile inayokusumbua, ila sehemu ya kwanza isome hata kama gari lako halitetemeki.

Usukani unatetemeka kuanzia 80 hivi

Ndani ya mji huwezi kuligundua hili. Kutoka Isevya hadi sokoni hufikii mwendo wa kukuonyesha chochote. Ukishika barabara ya Nzega, lami ikanyooka na sindano ikavuka 80, usukani unaanza kucheza mikononi. Mtetemo wa mikononi kwa kawaida unatoka magurudumu ya mbele. Ukiusikia zaidi kwenye kiti, angalia ya nyuma.

Wengi hukimbilia balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu kwa mashine, wakirudi wanalalamika: "Fundi, mashine ya pale mbovu, nimerudia na bado." Mashine inaweza kuwa nzima kabisa. Inaishika rimu kwa koni inayoingia kwenye tundu la katikati, na kwa tundu hilo rimu imekaa katikati bila kosa. Ikirudi kwenye gari, tundu hilohilo halishikwi na kitu, rimu inaning'inia kwenye bolti. Umebalansi gurudumu moja, umefunga kama jingine.

Angalia habu yako baada ya kutoa gurudumu. Katikati kuna kitovu cha chuma kinachochomoza. Kwenye IST, Vitz, Premio na Probox kipenyo chake ni milimita 54.1. RAV4, Harrier, Noah na Mark X ni 60.1. Subaru ni 56.1, Nissan X-Trail 66.1. Rimu ya kiwandani inavaa kitovu hicho bila kucheza. Rimu nyingi za kopi zina tundu la 73.1 ili zikubali magari mengi. Fanya hesabu: kwenye Harrier kuna uwazi wa milimita 6.5 kila upande, kwenye IST 9.5. Fundi akiiweka rimu, inashuka kwa uzito wake. Akikaza nati ya juu kwanza kwa mashine, imebaki hapohapo iliposhuka. Kupotoka kidogo tu, chini ya milimita moja, kunatosha kukutetemesha.

Dawa yake ni ringi za kujazia: nje 73.1, ndani sawa na kitovu chako. Usinunue kwa kutajiwa jina la gari. Pima kwa venia (rula yenye taya), kitovu na tundu la rimu vyote viwili, maana si kila kopi ni 73.1. Ringi iingie kwenye rimu kwa kusukumwa na kidole gumba, na rimu ivae kitovu bila kugongwa kwa nyundo. Kwa gari dogo mimi napenda za plastiki ngumu, kwa sababu haziotani kutu na habu. Ubaya wake zinapasuka mtu akizitoa kwa pupa. Za alumini ni imara zaidi, lakini zikikaa muda mrefu juu ya chuma zinaganda, na siku ya pancha utapiga gurudumu mateke. Ukizikosa madukani, peleka vipimo kwenye karakana yenye mashine ya kukereza. Ni kazi ndogo kwa mtu wa lezi anayeelewa maana ya sehemu ya kumi ya milimita.

Niseme na upande wa pili, kwa kuwa wapo wanaozigeuza ringi kuwa hirizi. Ringi haibebi gari. Kinachobeba ni msuguano kati ya uso wa rimu na uso wa habu, unaotokana na nati kubana. Kazi ya ringi ni kuiweka rimu katikati wakati wa kukaza. Ndiyo maana rimu isiyo na ringi, yenye nati za koni, inaweza kutembea bila mtetemo ikiwa imefungwa kwa subira: gurudumu likiwa hewani, nati zote zikaingizwa kwa mkono, zikavutwa kidogo kidogo kwa mtindo wa nyota huku ukiitikisa rimu ijitafutie katikati, halafu jeki ishuke na ukazo wa mwisho ufuate. Tatizo ni kwamba kila atakayekuzibia pancha barabarani itabidi awe na subira hiyo.

Ringi zipo, balansi ipo, bado unatetemeka

Kama ni masika na juzi ulitoka Sikonge au Kaliua kwa njia za pembeni, chungulia ndani ya rimu kabla ya kumlaumu mtu. Tope likikaukia upande wa ndani linakaa kama risasi ya balansi (kile kipande cha uzito) iliyobandikwa pasipotakiwa. Maji na brashi vinatosha. Nimeona watu wakibadilisha beringi kwa ajili ya tope.

Halafu fanya kipimo cha jeki. Nyanyua gurudumu, simamisha bisibisi juu ya tofali ncha yake ikikaribia kugusa ukingo wa rimu, zungusha taratibu. Ukingo ukipanda na kushuka, rimu haipo katikati au imepinda. Ukiingia na kutoka kama sahani inayoyumba, kuna kitu kati ya rimu na habu, au rimu imepinda kwa ubavu. Weka alama ya chaki pale inapozidi. Fungua, hamisha rimu tundu moja mbele, funga upya, zungusha tena. Alama ikizidi palepale kwenye rimu, mgonjwa ni rimu. Kosa likibaki upande uleule wa habu, tafuta kwenye habu au diski.

Vitu vinavyokaa katikati ni vilevile kila siku. Magari yaliyotumika Japani mengine huja na kutu nene kuzunguka kitovu. Ipigwe brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Kuna vile vibati vyembamba vya duara ambavyo kiwanda huvisha kwenye bolti kushikilia diski au dramu. Rimu ya kiwandani ina mashimo ya kuvipokea, kopi nyingi hazina. Vitoe. Skrubu ya kushikilia dramu nayo, kichwa chake kikisimama juu ya uso, rimu haitalala. Na rangi: kopi hupakwa rangi nene hadi kwenye uso unaogusana na habu. Iliyovimba au kutiririka isuguliwe kwa msasa mwembamba, lakini usile alumini.

Ukishasafisha, paka grisi nyembamba sana kwenye mzingo wa kitovu tu, ili rimu isigande. Uso wa kubana ubaki mkavu. Bolti nazo zibaki kavu, hilo tutalirudia.

Gurudumu linayumba hata kwa mwendo wa baiskeli, au nati ya mwisho inaingia kwa kulazimishwa

Hapa acha kuendesha. Duara la matundu halilingani na duara la bolti. Ni kile kipimo kinachoandikwa PCD. IST za zamani na Probox ni 4x100, yaani matundu manne kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100. Premio, na Forester za zamani, ni 5x100. Harrier, Mark X, Noah na X-Trail ni 5x114.3. Hilux na Prado ni 6x139.7, na mkonga (Land Cruiser 70) wa kuanzia 1999 ni 5x150.

Inayotega watu ni 5x112, ya Volkswagen na Mercedes, kwa kuwa inakaribia kuingia kwenye bolti za 114.3. Tofauti ni milimita 2.3 tu kwenye kipenyo. Nati zitaingia zote ukilazimisha, kila moja ikiwa imeegemea upande mmoja wa tundu lake, na bolti zitakuwa zinapindwa kila gurudumu linapozunguka. Haiwekewi dawa. Rudisha rimu.

Kupima rimu ya matundu manne au sita ni rahisi: katikati ya tundu hadi katikati ya lile linalotazamana nalo. Ya matano haina tundu linalotazamana na jingine, kwa hiyo pima kati ya matundu mawili jirani, zidisha kwa 1.7. Ukipata 58.8 kati ya jirani na jirani, hiyo ni 5x100, 65.8 ni 112, 67.2 ni 114.3. Kwa macho huwezi kutofautisha hizo mbili za mwisho, usijaribu.

Kopi nyingi zina matundu kumi, 5x100 na 5x114.3 pamoja. Ziko sawa, ila chungulia unene wa chuma kati ya matundu mawili yaliyokaribiana, na ukiona hata ufa wa unywele hapo, usizinunue.

Nati zinalegea zenyewe

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, na sababu yake mara nyingi iko kwenye umbo la nati, wala haitokani na mkono wa fundi kuwa mwepesi.

Toyota nyingi zilizokuja na rimu za alumini zina nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Shingo inaingia kwenye tundu la rimu, washa inalala juu ya uso bapa. Rimu ya kopi karibu daima imechongwa kwa nati ya koni ya nyuzi 60. Ukifunga nati ya washa kwenye tundu la koni, washa inashika mdomo wa tundu peke yake. Unasikia imekaza, spana imegoma, lakini chini yake hakuna kilichobanwa. Baada ya matuta ya njiani mdomo ule umelika, nati imelegea. Honda nazo zina nati ya mviringo kama mpira, na bolti za Volkswagen ni hivyohivyo. Zikiingia kwenye koni zinagusa mstari mwembamba tu. Sheria ni moja: nati ifuate rimu. Bei ya rimu mpya ihesabiwe pamoja na nati mpya.

Ujuaje? Paka tundu wino wa kalamu ya alama, ingiza nati kwa mkono, izungushe, itoe. Wino ukiwa umefutika mzunguko mzima, kwa upana, zimeelewana. Ukifutika kama uzi, hazikuelewana.

Umbo likiwa sawa, hesabu mizunguko. Uso wa rimu ya alumini ni mnene kuliko wa chuma, kwa hiyo bolti ileile inatokeza kidogo. Nati ya milimita 12 yenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya 1.5 inatakiwa iingie mizunguko minane kamili kabla ya kugusa. Yenye hatua ya 1.25, mizunguko kumi. Ya milimita 14 kwa 1.5, tisa hadi kumi. Zikipungua, bolti ndefu zinahitajika. Spesa za kuchomeka, zile sahani za kuisogeza rimu nje, ndizo zinazokula mizunguko hiyo kimyakimya, tena nene kati yake zinafunika kitovu chote, ringi inakosa pa kushika. Mimi sizifungi bila kubadilisha bolti.

Kisha ukazo. Kwa Toyota ndogo nyingi kiwanda kinataka nyutonimita 103. Kwa gari jingine fuata kitabu chake. Toki renchi, spana inayopima ukazo, ndiyo chombo chake. Kama huna, mji huu una mizani ya kuning'iniza kila kona, ya asali na ya mazao: shika spana mahali palipo sentimita 50 kutoka nati, funga ndoano ya mzani hapo, vuta kwa pembe mraba mpaka usome kilo 21. Hiyo ni 103. Kupanda juu ya spana kwa miguu miwili ni mara tatu au nne ya hapo, na bolti inayokatika Ipole ilianza kukatika siku ile. Grisi kwenye nyuzi inafanya kosa hilohilo kwa njia nyingine: spana inasoma ileile, bolti inavutwa zaidi.

Rangi ya kopi ndani ya koni inasagika siku za mwanzo na kuacha nafasi, kwa hiyo ukazo wa kwanza haudumu. Kaza tena kati ya kilomita 50 na 100. Ukienda Urambo umeshafika umbali huo. Kunywa chai kwanza, magurudumu yapoe, ndipo ukaze. Kuanzia hapo nati zikiendelea kulegea, acha kukaza, vua gurudumu utazame matundu. Tundu lililokuwa duara likawa yai halitengenezeki.

Nati inauma mwanzoni

Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi nyingi ndogo zina hatua ya 1.5. Nissan, Subaru na Suzuki zina 1.25. Zote milimita 12, kwa hiyo nati ya X-Trail inashika bolti ya RAV4 mzunguko mmoja au miwili kisha inagoma. Anayemalizia kwa mashine ya upepo ameshaharibu nyuzi. Nati yoyote ianze kwa vidole. Isipozunguka kwa vidole, si yake.

Kelele ya kusaga, au harufu ya mpira

Tik-tik inayofuata mwendo wa gurudumu mara nyingi ni risasi ya balansi ya kubandika inayogonga kalipa (kile kinachobana diski ya breki). Ihamishwe ndani zaidi, na pale pa kubandika pasafishwe kwa spiriti; juu ya vumbi letu haishiki wiki. Mkwaruzo wa mfululizo ni mikono ya rimu, au pipa lake, kugusa kalipa. Nafasi ya milimita 3 ndiyo ndogo kabisa ninayoikubali.

Tairi likila fenda ukiwa umepakia, au likigusa shokapu ukikata kona hadi mwisho, tazama namba iliyoandikwa ET, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu. Ikishuka kwa 10 kulinganisha na rimu ya zamani, gurudumu limetoka nje milimita 10. Upana nao unahesabika: kutoka inchi 6 hadi 7, kila upande umeongezeka 12.7. Rimu ya 6 yenye ET 45 ukiibadilisha kwa 7 yenye ET 35, nje imetoka karibu milimita 23, na ndani imesogelea shokapu karibu 3. Gari likiwa tupu linapita; jaza abiria watano na gunia la mchele kwenye buti uone.

Haya yote yanajulikana mapema kwa jambo moja ambalo wauzaji hawalipendi: ivalishe rimu tupu kwenye gari, mbele na nyuma, kabla tairi halijapandishwa. Zungusha, kata usukani pande zote, chungulia. Tairi likishapanda, hakuna duka litakalorudisha.

Upepo unapungua, pancha haionekani

Maji ya sabuni kuzunguka ukingo wote, pande mbili, na kwenye valvu. Mapovu kwenye ukingo ni rangi iliyomenyeka au mpindo wa shimo. Hilo linasafishwa na kunyooshwa. Mapovu kwenye mwili wa rimu ni ufa. Wapo wanaochomelea, na inashika upepo, lakini alumini iliyochomwa hapo imepoteza ugumu wake na itafunguka jirani na mshono. Isirudi kwenye gari.

Alama za JWL na VIA humaanisha rimu imefuata viwango vya Kijapani vya majaribio, lakini herufi humwagwa pamoja na rimu kwenye kalibu, na anayenakili sura anaweza kunakili herufi pia. Mimi natazama zaidi uzito uliogongwa kwa ndani: rimu moja ibebe angalau nusu ya mzigo wa ekseli iliyo nzito. Noah ya abiria isivalishwe rimu isiyoandikwa kitu.

Pancha njiani, na spana haishiki

Nati za Toyota zinafunguliwa kwa spana ya 21, na ndiyo iliyolala kwenye buti. Nati za rimu mpya mara nyingi ni 17 au 19, na matundu ya kopi ni membamba kiasi kwamba soketi nene haipenyi. Seti nyingine zina nati ya kufuli yenye ufunguo wake. Soketi nyembamba na ufunguo huo vikae ndani ya gari, pamoja na nati za zamani kama tairi la akiba ni la rimu ya chuma na nati mpya hazikai juu yake. Hilo nalo lipimwe kwa kulivalisha. Fungua nati moja kwa kila gurudumu ukiwa bado nyumbani, kwa spana utakayosafiri nayo, kisha uzirudishe kwenye ukazo wake.